Pikipiki ya babu, BMW R60/5 ya 1972: fundi anasema injini imekufa. Nianzie wapi na laki nne?

Mjukuu_Marangu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Naomba niwaeleze kwa urefu kidogo, maana nikikata maneno nitaulizwa maswali yaleyale. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma ufundi mitambo hapa Arusha. Mwezi wa nne bibi yangu mzaa mama aliniita Marangu akaniambia, "Ile pikipiki ya babu yako iliyoko stoo ya kahawa, ichukue kabla wajomba zako hawajaiuza kwa hawa wanaopita kununua chuma chakavu." Nikakodi pikapu ya jirani, tukaifunga kamba, nikaileta Sakina ninakopanga. Sasa iko uani kwa mama mwenye nyumba, chini ya mwembe, nimeifunika turubai.

Ni BMW R60/5, nyeusi yenye mistari myeupe kwenye tangi. Babu aliinunua 1983 kwa mchungaji wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao. Babu alikuwa mwinjilisti, akaitumia kuzungukia mitaa yake yote, na kila baada ya mavuno alimpakia bibi nyuma wakateremka Himo, Same, Mombo, Korogwe, hadi Tanga kwa shangazi yake. Bibi anasema ilikuwa inakwenda kama cherehani ya mguu, unaweza kuzungumza na mtu bila kupaza sauti.

Hali yake sasa ni hii. Tairi zote mbili zimepasuka ubavuni. Panya wamekula sponji ya siti. Betri haipo kabisa. Breki ya mbele imeganda, waya wa klachi umekatika, na tangi ndani lina kutu rangi ya chai ya rangi. Lakini injini inazunguka. Nikikanyaga kiki inashuka, nzito, na inatoa pumzi kwenye kabureta. Funguo ninayo: ni kama msumari wenye kichwa, unauchomeka juu ya taa ya mbele na kuusukuma chini. Bibi alikuwa ameifunga pamoja na funguo za kabati lake la vyombo miaka yote hiyo.

Jambo jingine. Nyuma ya mlango wa stoo babu alikuwa anaandika kwa penseli kila alipomwaga oili. Mistari iko mingi, inapanda kutoka chini hadi usawa wa kichwa changu. Wa mwisho unasomeka OILI 9/3/97 KM 71,340. Mita ya pikipiki inasoma 72,015.

Nilimleta fundi mmoja wa hapa mjini. Alipiga kiki kama mara thelathini, akachomoa plagi, akaigusisha kwenye hedi, haina moto. Akasema injini imekufa, kompresheni hamna, koili zimeungua, ifanyiwe ovaholi kwa 1,700,000. Wa pili akaniambia nisipoteze muda, anaweza kunikatia fremu anifungie injini ya Kichina ya 150. Huyo nilimshukuru nikamsindikiza hadi getini.

Fedha niliyonayo ni 400,000. Ni bumu nililobana tangu mwaka jana pamoja na vibarua vya kuchomelea mageti siku za Jumamosi. Kila mwezi naweza kuongeza 30,000, na 40,000 mwezi ukiwa mzuri. Rafiki yangu wa chumbani ananiambia nianze na rangi na siti ili nipate moyo wa kuendelea. Mimi sijui. Nataka siku moja nimpakie bibi twende nayo Tanga kwa barabara ileile. Nianzie wapi?

---

Karakana_Usambara

Marahaba kijana. Nimesoma neno kwa neno, na huo mlango wa stoo nimeurudia mara mbili.

Nilianza kazi 1978 kwenye karakana ya misheni huku milimani Usambara. Pikipiki za jamaa hiyo tulikuwa nazo nne, R60 mbili na R75 mbili. Zimenilisha na zimenisomeshea watoto. Kwa hiyo nikikwambia injini yako sijaona dalili ya kufa, sikwambii ili ufurahi.

Huyo fundi wa kwanza simlaumu, maana amezoea bodaboda. Bodaboda nyingi za sasa, moto wa plagi unatengenezwa na koili iliyomo kwenye magneti ya injini yenyewe. Chomoa betri uitupe, piga kiki, itawaka. BMW yako siyo hivyo. Moto wake unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi, unaingia kwenye koili mbili za volti 6 zilizofungwa mfululizo, halafu pointi ndiyo inaukata. Umesema betri haipo. Sasa moto ungetoka wapi? Angeweza kupiga kiki hadi jua lizame, plagi isingetoa hata cheche. Na injini ambayo kiki yake ni nzito na inapumua kwenye kabureta huwezi kusema haina kompresheni bila kuipima. Kipimo cha kompresheni waombe karakana ya chuo chenu, hakitakugharimu chochote.

Sasa sikiliza swali langu, na usitumie shilingi moja kabla hujalijibu: babu yako aliiegesha kwa nini? Tangu alipomwaga oili mara ya mwisho alitembea kilometa 675. Mtu anayeandika mlangoni kila anapomwaga oili haachi chombo hivihivi. Kama aliiacha kwa sababu ya uzee au macho, umerithi pikipiki iliyosimamishwa ikiwa nzima, na kazi yako ni kuondoa ubaya wa miaka ya kukaa tu. Kama aliiacha kwa sababu iligoma, basi aligomewa na kitu kimoja, na bibi yako huenda anakijua bila kujua kwamba anakijua. Usimuulize "iliharibika nini?" Muulize siku ya mwisho alirudije nyumbani. Muulize alimtuma nani dukani, akanunue nini.

Wakati unangoja jibu, fanya haya ya bei ndogo.

Usiipige kiki tena kikavu. Chomoa plagi zote mbili, ingiza oili nyepesi kwa bomba la sindano, mililita kumi kila upande. Silinda za injini yako zimelala, moja kila upande, kwa hiyo oili itakaa sehemu ya chini tu, ya juu itabaki kavu. Weka gia ya nne, zungusha tairi la nyuma kwa mkono taratibu, acha ilale, kesho yake rudia. Fanya hivyo siku tatu. Kisha mwaga oili ya injini, ni lita mbili na robo pamoja na filta, na 20W-50 ya kituo chochote cha mafuta inatosha. Kikombe cha filta kina oringi na pete ya bati. Viangalie vilivyokaa kabla hujavitoa, upige na picha. Oringi hiyo ikikaa vibaya injini inakosa presha ya oili, na hapo ndipo utahitaji ovaholi ya kweli.

Fungua mfuniko wa mbele wa injini, ule wenye boliti tatu za alen. Fanya hivyo SASA, wakati betri haipo. Siku ukishafunga betri usiuguse mfuniko huo mpaka kwanza umetoa waya wa negativu. Ndani mna sahani ya daiodi, na humo mna waya wenye umeme wa betri muda wote. Mfuniko ukigusa, cheche moja tu, daiodi zimekwenda. Mwaka 1981 niliunguza ya mganga mkuu wa hospitali, nikakaa miezi minne nasubiri nyingine ije kwa meli, na yeye anatembelea vijiji kwa miguu. Hadi leo nikishika alen ya mfuniko huo mkono wa kushoto unakwenda wenyewe kutafuta negativu.

Humo ndani utaona pointi. Zisafishe kwa karatasi ngumu, weka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Valvu zipime injini ikiwa baridi kabisa: ya kuingiza milimita 0.15, ya kutolea moshi 0.20. Ukimaliza kuziweka, andika. Ile ya kutolea moshi ikiwa kila ukirudi unaikuta imebana zaidi, ujue kiti chake kinaliwa, maana petroli ya sasa haina risasi kama ile ya zamani babu yako aliyokuwa anajaza.

Sasa jambo ambalo nimeona likiua hedi nyingi kuliko barabara. Pale ekzosi inapoingia kwenye hedi kuna nati kubwa ya mapezi. Baada ya miaka hii itakuwa imeshikana na uzi wa hedi. USIILAZIMISHE. Wala usichome moto halafu ukarukia spana ndefu. Ikigoma, chukua msumeno wa chuma, ikate polepole kati ya pezi na pezi, usimame kabla hujafika kwenye uzi, halafu ipasue kwa patasi. Nati utanunua nyingine. Uzi wa hedi ukitoka nao, laki nne yako yote haitoshi. Na kama huna sababu ya kuitoa ekzosi, iache ilipo.

Fedha yako igawe hivi: breki, tairi na tyubu, betri, waya za klachi na breki, mipira ya petroli. Rangi sifuri. Siti ishonee sponji mpya mwenyewe. Beringi usinunue kwa jina la pikipiki, zina namba ubavuni, isome uende nayo kwenye duka la beringi. Na breki za ngoma zina laini za zamani zenye vumbi baya. Usizipulize kwa mdomo wala kompresa, zilowanishe kwanza.

---

Otieno_wa_Ngara

Niaje ndugu. Huyo mzee amekuambia ukweli, nami naongezea kwa machungu yangu.

Nikiwa kampasi Nairobi nilinunua Honda CX500 ya 1980 kutoka kwa mjomba. Hiyo pia ni ya safari ndefu, ya shafti, haina cheni, silinda mbili za V, inapozwa kwa maji. Pesa ya HELB, mkopo wetu wa wanafunzi, ilipoingia, yote nilipeleka kwa rangi na kroma. Ilikuwa inang'aa, watu wanapiga picha kando yake pale hosteli. Halafu nikaanza kutafuta kwa nini haishiki moto. Kumbe koili za stata, zile zinazolisha ignisheni, ndizo zimekufa. Kwa CX stata iko nyuma ya injini, na huwezi kuifikia mpaka utoe injini nzima kwa fremu. Tuliitoa tukiwa watu watatu. Ile rangi ilikwaruzwa kutoka shingoni hadi chini, na tangi likapata kishimo kwa sababu mmoja aliteleza. Hiyo pikipiki ilikaa miaka miwili ikingoja pesa ambayo tayari nilikuwa nimeipaka ukutani.

Tairi: saizi yako ya zamani ni 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Usisumbuke kutafuta namba hizo kamili. Za kisasa zinazokaribia ni 90/90-19 na 110/90-18, na Royal Enfield za kutoka India zimetumia saizi za aina hiyo, kwa hivyo tafuta kwa wanaouza spea za Enfield. Hakikisha unaweka tyubu, rimu za spoku hazishiki hewa zenyewe.

Tangi: usikubali mtu akuwekee asidi ya betri. Mimi nilitumia siki ya kawaida, lita nyingi, pamoja na kokoto ndogo zilizooshwa. Ziba matundu ya koki, acha siku mbili, tikisa kila ukipita. Ukimwaga, osha papo hapo kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, kausha kwa jua, halafu zungushia dizeli kidogo ndani ili kutu isirudi usiku huohuo. Tangi la BMW lina mgongo katikati, kwa hivyo uligeuze pande zote mbili, la sivyo upande mmoja utabaki na uchafu.

---

Dada_Berlin

Mdogo wangu, hongera kwa kumshukuru yule wa injini ya Kichina na kumsindikiza getini.

Mimi ni mtu wa Muheza, niko Berlin mwaka wa tano. Pikipiki yako ilizaliwa huku. Hizi za /5 zilianza kutoka kiwanda cha Spandau mwaka 1969, na kiwanda kile hadi leo kinatoa pikipiki. Wazee wa hapa wanaiita Gummikuh, ng'ombe wa mpira, kwa sababu ukifungua mafuta nyuma inanyanyuka na ukiachia inajishusha, shauri ya ile shafti. Mume wangu anayo R75/5, ndiyo maana najua majina haya yote bila kupenda mwanzoni, na sasa kwa kupenda.

Habari njema ni kwamba spea za hizi bado zinatengenezwa, hata vidude vidogo kama mipira ya neli za pushrodi. Habari ngumu ni bei na mizigo. Kwa hiyo nakushauri ugawe mahitaji yako mafungu mawili. Kila ambacho kina namba ya kawaida, yaani beringi, plagi, oili, tairi, betri, nunua huko. Betri usinunue ya bei kubwa. Zile za volti 12 zilizofungwa za wanaouza sola, za 18Ah, mume wangu alitumia moja miaka miwili, na wewe una kiki. Huku uagize vile tu ambavyo fundi wa huko hawezi kuvichonga: mipira, brashi za kaboni, gasketi za hedi. Vyote hivyo vinaingia kwenye soksi moja. Mimi nakuja nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Orodha iwe fupi, ipitiwe kwanza na Mzee Karakana, nitakuja nayo, nauli ya begi ni juu yangu.

Kabureta zako, ushukuru ni R60. Zako ni Bing za milimita 26 za pistoni inayovutwa na waya. Za R75 zina kiwambo cha mpira ambacho kikitoboka huponi bila kununua kingine. Zako zitatosheka na petroli safi, na uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme wa kuzibulia jeti. Usitumie sindano wala waya wa chuma, jeti ni shaba laini na tundu likipanuka haliwi dogo tena.

---

Mjukuu_Marangu

Mzee, dada, kaka Otieno, nimekosa neno. Asanteni.

Jumamosi nilipanda Marangu. Sikumuuliza bibi iliharibika nini. Nilimuuliza kama Mzee alivyonielekeza: siku ya mwisho babu alirudije?

Alinyamaza muda mrefu akichambua maharage. Akasema siku hiyo alirudi anaisukuma kutoka njia panda ya Himo, na watoto wa shule wakimsaidia kwenye mlima. Ilizimika polepole, taa zikafifia kwanza. Kabla ya hapo, wiki moja au mbili, alikuwa analalamika kuhusu taa ndogo nyekundu kwenye saa ya mwendo, kwamba akifungua swichi haiwaki tena kama zamani. Akadhani balbu imeungua. Akamtuma mjomba wangu mkubwa Moshi mjini akanunue balbu. Akaiweka, haikuwaka. Akamtuma tena akanunue nyingine. Betri ikachajiwa mara tatu kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, na kila mara ikafia njiani. Mwisho akaiuza betri, akasema ataangalia baada ya mavuno. Mwaka ule miguu ikaanza kumsumbua.

Nilirudi nikafungua sinia ya spana chini ya siti. Balbu mpya ipo bado, ndani ya kikaratasi, imekunjwa na kipande cha tyubu ya baiskeli.

---

Karakana_Usambara

Kijana, bibi yako amekutengenezea pikipiki akiwa anachambua maharage. Mpe heshima yangu.

Taa ile nyekundu siyo pambo. Umeme wa kuamsha jenereta unapita ndani ya balbu ile kwenda kwenye rota, ile sehemu ya jenereta inayozunguka. Ukifungua swichi, injini ikiwa imezima, LAZIMA iwake. Isipowaka na balbu ni nzima, njia imekatika: ama brashi za kaboni zimeisha, ama waya umeachia, ama rota yenyewe imekatika ndani. Betri haichajiwi, unatembea kwa akiba yake, taa zinafifia, moto wa plagi unakwisha, unasukuma. Ndiyo safari ya babu yako kutoka Himo, hatua kwa hatua.

Mfuniko wa mbele ukiwa wazi utaona pete mbili za shaba kwenye uso wa rota. Inua brashi, ziegemeze pembeni, weka mita ya ohmu pete kwa pete. Rota nzima inaonyesha ohmu chache, kati ya 3 na 7 kufuatana na aina yake. Mita isiposoma kitu, umempata mwizi. Angalia na urefu wa brashi kabla hujahukumu.

Usijaribu kuitoa rota kwa nondo wala kwa msumari uliokatwa. Imekaa kwenye koni ya krenki, inatolewa kwa boliti yake maalumu ya chuma kigumu. Chuma laini kinavimba kichwa humo ndani na huna pa kukishika.

---

Dada_Berlin

Boliti hiyo ya kutolea rota nitakuja nayo, ni ndogo kuliko kidole. Ila Mzee wangu, kwa heshima, kama rota imekatika asiipeleke kwa wanaosuka mota. Tulisukiwa moja hapa na mtu mwenye sifa, ikafyatuka waya kwenye mzunguko mkubwa ikala na stata. Rota mpya ni zaidi ya euro 100, najua ni nyingi kwa mwanafunzi, lakini ni mara moja.

---

Karakana_Usambara

Mwanangu, mimi nimesukisha mbili hapa Tanga na moja bado inatembea. Siri ni vanishi ya joto kali na kuikausha kwenye tanuri, siyo juani. Lakini simzuii akipata mpya. Aanze kwa kupima. Na injini anaweza kuiwasha hata leo bila rota, kwa betri iliyochajiwa. Taa zote zizimwe, nusu saa haitamshinda.

---

Mjukuu_Marangu

Narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Pete kwa pete, mita haisomi kitu. Brashi bado ni ndefu. Ni rota. Hakuna kingine kilichokatika kwenye njia ile, nimepima waya wote mmoja mmoja. Kompresheni nilipima kwa kipimo cha chuo, pande zote mbili ziko karibu sana, kulia imezidi kidogo tu. Ile 1,700,000 ingeingia kwenye injini nzima, na siku ya kuiwasha ingezimika tena Himo.

Hadi sasa nimetumia 231,000. Betri ya sola 18Ah, oili na filta, plagi, waya wa klachi, mipira ya petroli, laini za breki zilizobandikwa upya mbele na nyuma, siki na magadi. Tairi zinasubiri bumu la mwezi ujao. Dada, orodha yangu ni rota, boliti yake, na mipira minne ya pushrodi, basi. Ya rota nitakutumia fedha kidogo kidogo kabla hujasafiri.

Jana jioni niliisimamisha kwenye stendi ya kati. Tangi bado linakauka, kwa hiyo nilining'iniza chupa ya maji yenye petroli kwenye tawi la mwembe, mpira mmoja ukashuka hadi kwenye kiungo cha T, ukagawanyika kabureta mbili. Nikasukuma funguo chini. Taa ya oili ikawaka, ile nyekundu haikuwaka, kama ilivyomfanyia babu. Kiki ya kwanza kimya. Ya pili ikapiga chafya kushoto. Ya tano ikashika.

Pikipiki nzima iliegemea kulia kidogo, kisha ikatulia. Moshi wa oili niliyokuwa nimeingiza kwenye silinda ulijaza ua, mama mwenye nyumba akatoka na kanga mdomoni akidhani kuna kinachoungua. Taa ya oili ikazima. Sikuwa na akili ya kufanya lolote ila kumpigia bibi simu na kuisogeza karibu na ekzosi.

Alisikiliza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Hiyo ya kushoto inachelewa. Babu yako alikuwa anachuchumaa upande huo, anageuza kidude kwa bisibisi ndogo mpaka zinalingana."

Nimechuchumaa upande huo. Skrubu ziko mbili, moja ya hewa na moja ya kuinua pistoni. Mzee, nianze na ipi?